Taa ya Pikipiki Iliyoingia Ukungu: Namna ya Kuirejeshea Mwangaza

Katika Kaunti ya Kilifi jua huzama muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni, mwaka mzima, na ifikapo saa moja giza limeshatanda. Huo ndio wakati bodaboda inapohitajika sana. Wafanyakazi wanarudi makwao, wenye maduka wanafunga na kusafirisha mizigo, na mama aliyeshikwa na uchungu hawezi kungoja kukuche. Kwenye barabara ya Mariakani kwenda Bamba, na katika njia za vumbi zinazoingia vijijini kutoka Ganze, mtu husafiri mwendo mrefu bila kuona taa hata moja ya barabarani. Kinachomwonyesha mwendeshaji shimo, mbuzi aliyelala njiani au mtoto anayetembea kandokando ni taa moja tu, ile iliyo mbele ya pikipiki yake.

Taa hiyo ndiyo ambayo katika pikipiki nyingi zilizofanya kazi miaka kadhaa imegeuka rangi. Kioo kilichokuwa angavu kama maji kimekuwa cha manjano, kikwaruzo, chenye ukungu mithili ya jicho lililoingia mtoto wa jicho. Mabadiliko huja polepole, na kwa kuwa mwenye pikipiki huitazama kila siku, huzoea. Anayegundua kwanza huwa ni mtu aliyeazima pikipiki ya mwenzake usiku mmoja akashangaa jinsi barabara ilivyo nyeupe.

Hesabu yake ni rahisi. Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Tangu macho yaone kitu hadi mkono na mguu vikamate breki, mtu asiye na usingizi hutumia kama sekunde moja na nusu. Katika muda huo pikipiki imekwenda mita 25, na breki bado haijaanza kazi. Baada ya hapo kuna umbali wa kusimama wenyewe, ambao kwenye changarawe huwa mrefu kuliko kwenye lami. Taa inayoonyesha mita 20 mbele, kwa mwendo huo, humwonyesha mwendeshaji kitu ambacho hawezi tena kukikwepa.

Ukungu una ubaya wa pili. Mwanga unaopita kwenye kioo safi huelekezwa chini, barabarani. Ukipita kwenye kioo chenye ukungu hutawanyika kila upande: sehemu moja hupotea angani, sehemu nyingine humwingia machoni anayekuja mbele. Mwendeshaji, kwa kuwa haoni, huwasha fulu na kuiacha hivyo. Wengine hununua taa ndogo kali za LED na kuzifunga kwenye usukani, mbili au nne. Kwenye barabara kuu ya Mombasa hadi Malindi matokeo yake yanajulikana na kila anayesafiri usiku: yule anayekuja huona weupe mtupu, na kwa sekunde chache hajui ukingo wa lami uko wapi. Mara nyingi taa hizo za ziada hufungwa kwa ajili ya kasoro ambayo ingeondolewa kwa karatasi za msasa na maji.

Kwa nini kioo hugeuka rangi

Ingawa watu wote hukiita kioo, kioo cha taa katika pikipiki nyingi za siku hizi si kioo. Ni plastiki ngumu iitwayo polikaboneti. Ilichaguliwa kwa sababu ni nyepesi, haivunjiki kwa kokoto, na hufinyangwa kwa urahisi. Udhaifu wake ni jua. Miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ile inayoitwa urujuanimno, huvunja taratibu muundo wa plastiki hiyo juu ya uso wake, nayo huanza kuwa ya manjano na kupasukapasuka kwa nyufa ndogo mno. Kiwanda hulijua hilo, kwa hiyo hupaka utando mwembamba wa kinga juu ya taa mpya. Utando huo ukiisha, jua hukutana na plastiki tupu.

Huku pwani utando huo hauna maisha marefu. Bodaboda hushinda steji kuanzia alfajiri, uso wa taa ukitazama jua. Mchanga na vumbi huupiga kila safari. Halafu kuna tabia moja inayofanya madhara kuliko vumbi lenyewe, nayo ni kufuta taa kwa kitambaa kikavu. Chembe za mchanga zilizo juu ya kioo hugeuka msasa mkononi mwa anayefuta. Kitambaa chenye dizeli au petroli, ambacho baadhi ya waoshaji hukitumia ili plastiki ing'ae, hung'arisha kwa siku moja na kudhoofisha kwa miezi.

Pikipiki za zamani zenye taa ya duara ya kioo halisi hazina shida hii. Anayetaka kujua yake ni ipi agonge kwa ukucha: kioo hulia kwa sauti kali na ni baridi kikiguswa, plastiki hutoa sauti nzito.

Kwanza hakikisha tatizo ni kioo

Kabla ya kununua chochote, kuna jaribio la bure. Taa ioshwe kwa maji na sabuni, kisha imwagiwe maji safi na kutazamwa ikiwa bado imelowa. Kama ukungu unapotea maji yakiwapo na kurudi yakikauka, uharibifu uko juu ya uso wa nje na utaondoka. Kama taa inabaki na ukungu vilevile ikiwa imelowa, basi uchafu au unyevu uko ndani, au nyufa zimeingia kwenye plastiki yenyewe, na kusugua nje hakutasaidia.

Jaribio la pili ni la usiku. Pikipiki isimamishwe mita tano kutoka ukutani, mahali tambarare, taa iwashwe, na injini iongezwe moto kidogo. Katika pikipiki nyingi ndogo taa ya mbele hupata umeme moja kwa moja kutoka kwa injini, kwa hivyo ni kawaida mwanga kupanda injini inapopandishwa. Lakini taa iliyo hafifu na nyekundunyekundu hata injini ikiwa juu, huku kioo kikiwa safi, ina tatizo la umeme. Hewa ya chumvi hula viungo vya nyaya upesi, hasa kwa pikipiki za Ngomeni, Watamu na maeneo mengine ya ufuoni, na waya wa ardhi ulioota kutu unatosha kuua mwanga. Kusafisha kiungo hicho na kukikaza ni kazi ya dakika chache, na ni vyema ifanywe kwanza.

Jambo la tatu ni sahani inayong'aa nyuma ya balbu. Ikiwa imeungua ikawa ya kahawia au rangi yake ya fedha inabambuka, taa hiyo imekwisha. Sababu ya kawaida ni balbu kubwa kuliko inayotakiwa. Pikipiki nyingi za bodaboda hutumia balbu ya volti 12 na wati 35. Mtu akiweka ya wati 55 au zaidi, joto huyeyusha kishikio na kuikaanga sahani, na umeme wenyewe hautoshi.

Kazi yenyewe

Vinavyohitajika ni msasa wa maji (si ule wa mbao) wa namba 800, 1000, 1500 na 2000, ndoo ya maji, sabuni kidogo, tepu ya karatasi ya wapaka rangi, vitambaa safi vya pamba, na kopo la vanishi angavu ya magari ya kupuliza yenye kinga dhidi ya jua. Namba ya msasa inavyokuwa kubwa ndivyo msasa unavyokuwa laini. Maduka ya hadwea na ya rangi za magari huwa na vitu hivi vyote.

Ni afadhali taa itolewe. Katika pikipiki nyingi inashikwa na bolti mbili za pembeni na soketi moja ya nyaya. Kabla ya kulegeza bolti, pachorwe alama kwa kalamu kuonyesha taa ilivyoelekea, ili irudishwe palepale. Kama haitolewi, plastiki na rangi zilizo kando yake zifunikwe kwa tepu.

Msasa uloweshwe kwenye maji yenye sabuni kwa dakika kumi. Anza na namba 800, ukisugua kwa mistari iliyonyooka kutoka kushoto kwenda kulia, mkono mwepesi, maji yakimwagwa kila mara. Maji yatakayotiririka yatakuwa ya manjano kama tui lililotiwa bizari. Hiyo ni plastiki iliyokufa. Endelea mpaka maji yawe meupe na uso mzima uwe na weupe unaolingana, bila doa la manjano kwenye kingo. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu taa sasa huonekana mbaya kuliko ilivyokuwa. Ni kawaida, na haipaswi kuwa vinginevyo.

Suuza kila kitu, badilisha maji, kisha chukua namba 1000 na usugue kutoka juu kwenda chini. Kubadili mwelekeo kuna maana yake: mikwaruzo ya namba iliyotangulia itaonekana ikikatiza, na hatua haijaisha mpaka yote imetoweka. Vivyo hivyo kwa 1500, kushoto kulia, na 2000, juu chini. Anayeruka namba moja ili kuokoa muda huiona mikwaruzo hiyo baadaye, usiku, ikimetameta ndani ya mwanga. Kwa taa moja, kazi hii huchukua kati ya nusu saa na saa moja.

Vitu vingine vinavyosifiwa mitaani vinastahili neno. Dawa ya meno ina chembe ndogo za kusugulia, kwa hiyo huondoa ukungu mwepesi kwa muda, lakini haifiki kwenye umanjano uliozama na haiachi kinga yoyote. Dawa ya kufukuza mbu ya kujipaka mwilini hufanya taa ing'ae papo hapo kwa sababu inayeyusha uso wa plastiki. Baada ya muda mfupi uso huo hurudi kuwa na ukungu, mara nyingi mbaya zaidi. Thina na petroli ni hatari zaidi, maana hupasua polikaboneti kwa nyufa zisizosuguliwa zikaisha. Na mashine ya kung'arishia iliyofungwa kwenye drili, katika mkono usio mzoefu, huchoma plastiki kwa sekunde chache. Mkono mtupu ni wa polepole, lakini hauunguzi.

Kinga ndiyo sehemu kubwa ya kazi

Fundi anayesugua taa, akaing'arisha na kumkabidhi mteja, amefanya nusu ya kazi, tena nusu inayoweza kumdhuru mteja. Msasa huondoa umanjano, lakini pia huondoa chochote kilichobaki cha utando wa kiwandani. Plastiki iliyoachwa tupu chini ya jua la kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, hurudi kuwa ya manjano upesi kuliko mara ya kwanza. Ndiyo sababu watu husema kwamba kusafisha taa hakufai. Kusafisha kunafaa, kilichokosekana ni kinga.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni nta ya gari. Anayeichagua inabidi, baada ya namba 2000, aing'arishe taa kwa dawa ya kung'arishia rangi za magari mpaka iwe angavu kabisa, ndipo apake nta. Kwa pikipiki inayoshinda juani, nta hiyo inatakiwa kurudiwa kila mwezi. Ni njia rahisi, lakini ukweli ni kwamba wachache hukumbuka mwezi wa tatu.

Njia ya pili ni vanishi angavu, na ndiyo inayowafaa wengi wa bodaboda. Hapa taa haing'arishwi kwanza. Inaachwa na ule weupe mwepesi wa namba 2000 kwa sababu vanishi hushika vizuri kwenye uso ulio na mikwaruzo midogo, kisha huijaza mikwaruzo hiyo yenyewe. Futa uso kwa kitambaa kilichotiwa spiriti kidogo ili kuondoa mafuta ya vidole, acha ukauke, na usiuguse tena. Jaribu kwanza tone la vanishi kwenye ukingo usioonekana, kwani baadhi ya vanishi ni kali na huipasua plastiki. Kama ukingo umebaki sawa baada ya dakika chache, pulizia koti jembamba kutoka umbali wa karibu sentimita 25, ngoja dakika kumi, pulizia la pili. Makoti mawili au matatu membamba yanatosha. Koti moja nene hutiririka na kuacha machozi ambayo yatapotosha mwanga.

Hali ya hewa ya pwani ina amri yake katika hatua hii. Unyevu mwingi hewani huifanya vanishi iwe na ukungu mweupe inapokauka, na upepo wa alasiri huleta vumbi. Wakati mzuri ni kama saa nne asubuhi, siku kavu, kivulini, mahali pasipo upepo. Siku za masika zinaachwa. Anayepulizia afunge pua na mdomo kwa barakoa na afanye kazi mahali penye hewa, mbali na jiko na sigara. Taa ikae siku nzima, saa 24, kabla ya kupigwa na mvua, na isioshwe kwa sabuni kwa wiki moja.

Gharama, kwa mtu mmoja, haivutii sana. Kwa aina za pikipiki zilizojaa sokoni, taa mpya ya kuiga inaweza kukaribia bei ya vifaa vyote vilivyotajwa. Lakini kopo moja la vanishi hupaka taa kadhaa, na karatasi moja ya msasa hukatwa vipande vinne. Wanachama kumi wa steji moja wakichanga, kila mmoja hutoa kiasi kidogo, na kazi yote huisha asubuhi moja. Tena taa ya asili iliyosafishwa mara nyingi ni bora kuliko ya kuiga, ambayo plastiki yake inaweza kuwa nyembamba na sahani yake ya ndani isielekeze mwanga sawasawa. Vijana wenye nia ya kuifanya kazi hii kuwa biashara wanaweza kujifunza misingi yake katika vyuo vya ufundi vilivyo chini ya kaunti, pale penye karakana ya magari.

Onyo moja kwa wanaofurahia matokeo: kioo cha mbele cha helmeti pia ni plastiki, na chenyewe kisisuguliwe kwa msasa kamwe. Kikikwaruzika au kugeuka rangi kinabadilishwa. Taa safi haimfaidi anayeitazama barabara kupitia helmeti yenye ukungu.

Kuirudisha na kuilenga

Taa iliyorejeshewa mwangaza lakini ikaelekezwa vibaya ni kero mpya kwa wengine. Baada ya kuifunga kwa kufuata alama, pikipiki irudishwe mbele ya ukuta, mita tano, na safari hii mtu awe amekaa juu yake. Washa dimu. Sehemu yenye mwanga mkali zaidi iwe chini ya kimo cha taa kwa kama sentimita tano. Kisha abiria akae nyuma, au mzigo wa kawaida ufungwe. Uzito wa nyuma hushusha mkia na kuinua uso wa pikipiki, na mwanga hupanda ukutani. Anayebeba abiria au kreti za soda kila jioni alenge taa yake akiwa na uzito huo, si pikipiki ikiwa tupu. Bolti zikazwe, kwa sababu barabara za changarawe huzilegeza, na alama ya kalamu iachwe palepale ili mwenye pikipiki aone taa ikianza kusogea.

Baada ya hapo utunzaji ni mdogo. Steji, pikipiki iegeshwe chini ya mwembe au banda la makuti inapowezekana, na pasipo kivuli, taa ifunikwe kwa kitambaa kinene au igeuzwe isitazame jua. Vumbi liondolewe kwa maji kwanza, ndipo kitambaa kifuate. Utomvu wa mkorosho ukidondoka juu yake uoshwe siku hiyohiyo. Vanishi nayo haidumu milele. Uso ukianza kupoteza mng'ao au kubambuka kwenye kingo, inatosha kuusugua kwa namba 1500 na 2000 na kupuliza upya, bila kungoja umanjano urudi.